Msiba wa Kompyuta ya Nasolevu

Aporosa Delana alikuwa karani wa Shule ya Sekondari ya Nasolevu kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakukosea hata mara moja. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na kwa kuwa kumbukumbu zote za shule ziliandikwa kwa mkono wake, hapakuwa na karatasi ya kumpinga. Daftari la mahudhurio likipotea, kumbukumbu zilisema ni mafuriko ya mto. Barua ya mkaguzi ikichelewa kujibiwa, aliyechelewa ni basi la Korovou. Mto haujui kusoma, na dereva wa basi hakuwahi kuja kuomba nakala.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sulu ya kijivu, ile shuka ya kiunoni ya Kifiji, iliyopigwa pasi mpaka marinda yakasimama, na kalamu tatu katika mfuko wa shati: mbili za buluu kwa kazi, na moja nyekundu kwa makosa ya wengine. Walimu vijana waliiogopa ile nyekundu kuliko walivyomwogopa mkuu wa shule. Ripoti ikiwa na nukta mahali pasipo pake, ilirudi kwa mwenyewe imezungushiwa duara, na pembeni jina la mkosaji limeandikwa kwa herufi kubwa, asije akasingiziwa mtu mwingine.

Mwaka huo alikuwa anastaafu. Siku ilikwisha pangwa, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na nguruwe wa kuchomwa kwenye tanuri la ardhini alikuwa ameshachaguliwa. Ijumaa hiyo hiyo alama za miradi ya kidato cha sita zilitakiwa ziwe zimefika ofisi ya mitihani, mji mkuu Suva. Watoto arobaini na wawili walikuwa wameifanyia kazi mwaka mzima, na ambaye alama zake hazikufika angeandikiwa sifuri. Alama zote zilikuwa ndani ya kompyuta ya ofisi. Nakala ya akiba ilikuwepo pia, maana Aporosa alikuwa mtu wa tahadhari. Ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo, kwenye folda aliyoipa jina la AKIBA.

Juu ya kompyuta, ukutani, kulikuwa na tangazo alilolichapa mwenyewe: NI MARUFUKU KWA MTU YEYOTE KUSASISHA KOMPYUTA HII MPAKA MITIHANI IISHE. KWA AMRI, A. DELANA, KARANI.

Jumatatu, wakati walimu wako kwenye chai, Aporosa alikuwa peke yake ofisini na kikombe chake na biskuti mbili ngumu. Kwenye kioo cha kompyuta kikajitokeza kisanduku kikimwarifu kwamba kuna programu mpya zinazosubiri. Kisanduku hicho kilikuwa kimemsumbua wiki nzima. Aporosa alitaka kumkabidhi karani mpya mashine safi, isiyodaiwa hata kazi ndogo, kama vile mtu anavyofagia nyumba kabla ya kuhama ili asisemwe. Akafungua orodha. Juu yake pameandikwa kwamba hizo ni za hiari.

Sasa, kijijini kwao Delaitoga, kazi ya hiari ni ile ambayo mkuu wa kijiji hupita nyumba kwa nyumba jioni akiuliza kwa nini hukuonekana. Aporosa hakuwahi kukutana na hiari ya namna nyingine. Akaweka alama ya tiki kwenye kila moja, mpaka ya mwisho, ile yenye jina refu lenye tarakimu, ambayo ilikuwa ni programu ndogo inayoiwezesha mashine kuisoma diski yake. Akabonyeza, akachovya biskuti kwenye chai.

Kompyuta ikafikiri, ikazima, ikawaka. Ukatokea ukurasa wa buluu wenye sura ya huzuni, na maneno ya kusema kwamba mashine haiioni diski yake ya kuwakia. Ikazima tena, ikawaka tena, ikaleta sura ile ile. Aporosa aliitazama mara sita. Mara ya saba biskuti ilikatikia ndani ya kikombe.

Akatazama mlango, akatazama tangazo, kisha akainuka akalikandamiza tangazo kwa dole gumba pale penye pini, kana kwamba tatizo lilikuwa kwamba halikushika vizuri. Akaenda kwa mkuu wa shule, Bi Losalini, mwanamke mnene mpole aliyekuwa akisahihisha insha, miguu imetoka viatuni.

"Mama," akasema, "kuna mtu ameiharibu kompyuta."

Hakuwa amelipanga neno hilo. Lilitoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja.

"Nani?" akauliza Bi Losalini.

Hapo angeweza kusema. Badala yake akalifungua daftari la watumiaji wa kompyuta, ambalo yeye ndiye aliyelianzisha, akasoma jina la mwisho. Ijumaa iliyopita, saa nane mchana: Mwalimu Arieta, flashi ya nyimbo za kwaya. Alisoma tu. Hakuongeza neno. Baadaye, kila dhamiri ilipomchokonoa, alijibu kwamba yeye alisoma tu.

Mwalimu Arieta alikuwa mwalimu wa muda, msichana wa miaka ishirini na minne kutoka kisiwa cha Kadavu, asiye na ndugu hata mmoja upande huu wa Tailevu wa kumsemea. Jumatatu hiyo hakuwepo hata shuleni. Alikuwa ameondoka na basi la alfajiri kuipeleka timu ya netiboli Korovou. Lakini kamati ya shule, ilipokutana Jumanne, ilieleza vizuri sana jinsi nyimbo za kwaya zinavyoweza kukaa ndani ya mashine kimya tangu Ijumaa, zikaoza, na kulipuka Jumatatu.

Kamati ilikuwa na watu tisa na tiba tisa. Mmoja alisema mashine ina joto, ikaletewa feni. Mwingine alisema ina unyevu, ikafunikwa ndani ya gunia la mchele mpaka mchana, ikatoka na punje kwenye kila tundu. Shemasi aliiwekea mkono na kuiombea sala ndefu. Ile sura ya huzuni ilitokea katikati ya sala, naye akashusha sauti. Fundi wa Suva alipopigiwa simu alisema anaweza kuja baada ya wiki tatu, na akija atafuta kila kitu, mashine itawaka kama mpya. Bi Losalini alimshukuru, akakata simu, akavaa viatu.

"Na huyu mwalimu wa muda?" akauliza mwenyekiti. "Mkataba wake unaisha mwezi ujao."

"Uingie kwenye ajenda," akasema mjumbe mmoja.

"Ijumaa basi, baada ya karamu ya mzee Aporosa," akasema mwenyekiti. "Sisi si watu wa haraka. Tutakula kwanza."

Aporosa aliandika: Ajenda ya pili, suala la Mwl. Arieta. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida.

Jumatano ndipo walipokuja watani.

Ng'ambo ya kilima, mbele ya Delaitoga, kuna kijiji cha Navunisole, na vijiji hivi viwili ni watani tangu mizimu yao miwili, iliyokuwa ndugu, ilipoibiana kiazi kikuu. Baina yao hakuna tusi lililo dhambi wala mali iliyo salama. Mtu wa Navunisole akilitaka shati lako analivua mgongoni mwako, nawe unacheka, maana kukasirika ndiyo aibu pekee. Mtani wa Aporosa hasa, aliyemtania tangu walipokuwa wavulana, aliitwa Peniasi. Alikuwa mkulima wa yaqona, ule mmea ambao mzizi wake hutwangwa ukawa kinywaji cha heshima, mfupi, mwenye kitambi na sauti ya tarumbeta, na zamani alikuwa askari wa kulinda amani huko Sinai. Alisema kwamba alifanya kazi ofisini, akitunza kompyuta za kikosi. Delaitoga nzima ilijua kwamba alikuwa akimenya viazi, kwa sababu ni yeye aliyesema hakumenya.

Peniasi alifika na shangazi zake wawili, wamejifunga mikeka myeusi ya msibani viunoni, wanalia kwa zamu. Wakatandika mkeka mbele ya mlango wa ofisi. Walimu na watoto wakajaa barazani.

"Tumesikia," akasema Peniasi kwa sauti ya kuvunjika, ameketi na kichwa kimeinama. "Tumesikia kwamba Delaitoga imefiwa na kichwa chake pekee chenye akili. Tumekuja kulia nanyi. Mtani wangu Aporosa, pole. Sasa nani atakuhesabia vidole?"

"Pole na wewe," akajibu Aporosa. "Nimesikia Navunisole mmeanza kuoga. Mto umelalamika."

"Marehemu aliugua muda mrefu?"

"Alikuwa mzima mpaka alipokuona ukija."

Watu wakacheka. Shangazi mmoja akaomba aonyeshwe maiti. Mashine ikawashwa, na ile sura ya huzuni ilipotokea shangazi wakaangua kilio upya, wakisema jamani, kafa na uso wake. Peniasi akasogea, akavaa miwani, akasoma maneno madogo ya chini. Kisha akageuka.

"Mtani, marehemu hajafa. Kuna mtu kambadilishia programu ya kusomea diski. Hii mpya haielewani naye. Itoe, ya zamani itashika, atainuka na vitu vyake vyote. Kazi ya nusu saa."

Baraza zima lilivunjika mbavu. Bi Losalini aliegemea nguzo. Aporosa alicheka kuliko wote, kwa sababu moyo ulikuwa umempasuka: huyu kajuaje kwamba kuna mtu kabadilisha?

"Mtaalamu wa viazi amesema," akapaza sauti, na watoto wakashangilia.

Angekuwa mtu wa kujifunza, angekumbuka. Miaka minne nyuma Peniasi alisimama barabarani akapiga kelele kwamba jiko la Aporosa linaungua, naye Aporosa akajibu kwamba la Peniasi limeoza, akaendelea kupalilia mihogo mpaka paa lilipoanguka. Kulikuwa pia na siku ile alipoambiwa kwamba sulu yake imefunguka nyuma, mbele ya askofu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hakuna aliyewahi kutuambia nini kinampata asiyesikia la mtani.

Peniasi aliondoka na birika la umeme la ofisini, haki yake kama mtani aliyehani msiba. Hakuna aliyeweza kumzuia. Walimu wakakaa bila chai Jumatano na Alhamisi, na jambo hilo liliwatia uchungu ambao alama za watoto hazikuwa zimewatia.

Alhamisi asubuhi Aporosa alimkuta Mwalimu Arieta ofisini, amekaa sakafuni katikati ya marundo ya daftari. Macho yamemvimba.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nasahihisha upya, mzee. Nimepita kwa watoto jana kuchukua rasimu zao. Nimepata kumi na moja. Wengine walishazitupa." Akageuza ukurasa. "Mzee Aporosa, wewe ndiye unayeijua hii mashine. Niambie tu, ile flashi yangu ilifanya nini? Maana nikiulizwa kesho sijui hata niombe radhi kwa kosa gani."

"Mambo ya kompyuta ni mazito," akasema Aporosa.

"Mama yangu kanipigia usiku. Kuna mtu keshamwambia, sijui nani. Kijiji kizima Kadavu kinajua kwamba nimewaharibia watoto wa watu mitihani." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Baba hakutaka kuja kwenye simu."

Aporosa alitoka nje. Alisimama karibu na tangi la maji, akaona haya, haya ya kweli inayopanda mpaka masikioni, na hapakuwa na mto wala basi wa kuitupia. Nyani haoni kundule, lakini yeye siku ile aliliona lote. Hata hivyo hakurudi ndani kusema. Ulimi ulikataa. Alichoweza ni kutafuta njia ya kuiokoa mashine, na njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita Navunisole.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alinunua mzizi mzuri wa yaqona, akaufunga kwa gazeti, akapanda kilima juani na sulu yake ya pasi. Alipofika kwa Peniasi alivua viatu, akaingia kwa magoti, akaketi chini kabisa karibu na mlango, mahali pa mgeni duni.

"Vipi," akaanza Peniasi, "Delaitoga mmefiwa na nani tena, kikokotoo?"

Aporosa akauweka mzizi mbele ya mtani wake, akapiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa, akasema maneno yote ya heshima, ya kwanza hadi ya mwisho, kama anavyosema mtu mbele ya chifu. Akaomba msaada. Utani una mipaka yake, na mpaka mmoja ni mzizi uliowekwa chini kwa utaratibu. Peniasi akajifunga sulu vizuri, akaugusa mzizi, akapiga makofi ya kupokea.

"Umeniharibia siku, mtani," akasema taratibu. "Nilikuwa nimeandaa matusi mapya kumi. Twende."

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Ofisini, Peniasi aliiwasha mashine na kuizima katikati ya kuwaka, mara tatu mfululizo, mpaka ikachoka na kuleta ukurasa wake wa matengenezo. Akachagua hapa, akachagua pale, akafika kwenye dirisha jeusi lisilo na picha hata moja. Akachapa mstari, ikateremka orodha ya programu ndogo zote zilizoongezwa kwenye mashine. Akaifuata kwa kidole mpaka ile yenye jina refu lenye tarakimu. Akachapa mstari mwingine wa kuiondoa, akautazama mara mbili kabla ya kuutuma.

"Sasa sali," akasema, "ila si kama shemasi wenu."

Mashine ikazima. Ikawaka. Ukurasa wa buluu haukuja. Kikaja kioo cha kawaida chenye picha ya timu ya raga ya shule, na kwenye kona folda ya AKIBA, imetulia kana kwamba hakuna lililotokea. Peniasi alizifungua alama. Zote arobaini na mbili zilikuwepo. Kisha, ili ajue adui aliingia vipi asirudi, akafungua kumbukumbu za mashine. Mashine nayo huandika kumbukumbu zake, na hizo hazikuandikwa na Aporosa.

Ilisema: Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa idhini ya mtumiaji KARANI.

Peniasi alisoma. Akainua macho kwenye tangazo la ukutani, akalisoma nalo lote, pamoja na jina chini. Akamtazama mtani wake. Aporosa alisubiri tusi. Alilitamani hasa, maana baada ya tusi mtu hucheka na jambo likaisha. Peniasi alivua miwani, akaipangusa, asiseme neno. Kwa miaka hamsini Aporosa hakuwahi kumwona amenyamaza.

Bi Losalini aliingia, akaona alama zimerudi, akamkumbatia Peniasi mpaka miguu ikaacha sakafu. Alama zikatumwa Suva kabla ya saa kumi. Arieta alikaa juu ya marundo ya daftari akalia, safari hii kwa kupata nafuu.

Mtu angedhani kesi imekwisha. Lakini mwenyekiti alipoulizwa kuhusu ajenda ya pili, alisema mashine kupona si ushahidi kwamba haikuharibiwa, na isitoshe ajenda ilikwisha chapwa. Ilichapwa na Aporosa, nakala tisa.

Ijumaa ukumbi ulitandikwa mikeka. Nguruwe alitoka tanurini akichuruzika, na magimbi, na majani yake, rourou, yaliyopikwa kwa tui zito. Vifuu vya yaqona vilizunguka. Mwenyekiti alisimama na kueleza maisha ya karani asiye na doa, kijana aliyeanza kazi kwa taipu na kumaliza kwa kompyuta, na katikati hapakuwa na kosa hata moja. Yeye mwenyewe alikuwa amepitia kumbukumbu zote. Kisha likaletwa jino la nyangumi, la manjano, lililong'arishwa, limefungwa kamba nene ya ukili. Hakuna heshima iliyo juu ya hiyo. Mwenyekiti aliliinua kwa mikono miwili.

"Jino hili ni la uaminifu wako."

Aporosa alilipokea. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka meno ya nyangumi kuwa.

Hapo Peniasi akainuka bila kuitwa, kama ilivyo haki ya mtani, kifuu mkononi.

"Jamani, mimi ni mtu wa viazi, sijui hotuba. Nataka kusema neno moja tu. Aliyeiua ile kompyuta ni huyu huyu mnayempa meno. Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Alisoma tangazo lake mwenyewe, akalifurahia, halafu akabonyeza. Huyu binti wa Kadavu siku hiyo alikuwa Korovou anapuliza filimbi. Nimemaliza."

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti alijipiga mapaja. Shemasi alipaliwa na yaqona, wakampiga mgongoni. Wakasema Peniasi safari hii kazidi, na hata dakika kaziweka. Watu wawili tu hawakucheka: Arieta, aliyekuwa karibu na mlango pamoja na walimu wadogo, na Peniasi mwenyewe, ambaye aliketi akamtazama Aporosa machoni.

Aporosa akaelewa kwamba amepona. Kweli ilikuwa imesemwa mbele ya watu mia mbili, na kwa sababu aliyeisema ni mtani, isingeaminiwa milele. Angeweza kwenda nyumbani na jino lake. Kesho Peniasi angeirudia, na keshokutwa, na kila msiba na kila harusi, na kila mara watu wangecheka. Baada ya nyama ingefika ajenda ya pili, na binti angepanda meli ya Kadavu kwenda kwa baba asiyetaka kuja kwenye simu.

"Ni kweli," akasema.

Wakacheka zaidi.

"Ni mimi. Nilibonyeza mimi."

"Mnawasikia watani hawa?" akasema mwenyekiti, machozi yanamtoka. "Wamepanga tangu jana."

Aporosa alitazama zile nyuso zilizofurahi, akaona kwamba maneno yake hayana kazi. Alikuwa ameyatumia miaka thelathini na mmoja kujenga sifa, na sifa hiyo sasa ilikuwa imesimama mlangoni ikimzuia kutoka. Akalishika jino kwa mikono miwili, akashuka kwa magoti. Akauvuka mkeka wote hivyo, kutoka mahali pa heshima mpaka mlangoni, sulu ya kijivu ikikokota makombo. Kicheko kilianza kukatika mahali mahali. Alipofika kwa Arieta hakikuwepo tena. Mtu aweza kutania na chochote, lakini hakuna anayetania na jino la nyangumi.

Akaliinua mbele ya yule msichana, kichwa kimeinama.

"Mwalimu Arieta, hili ni la kuomba radhi. Nilifanya kosa, nikalisoma jina lako. Ulilia mbele yangu, nikakwambia mambo ya kompyuta ni mazito. Halikuwa kosa la flashi yako wala la nyimbo zako. Naomba jino hili lifike Kadavu, kwa mama yako, na kwa baba yako, ili ajue kwamba aliyeharibu ni mzee mmoja wa Delaitoga na si mtoto wake."

Arieta hakujua mikono aiweke wapi. Bi Losalini, aliyekuwa ameshasogea nyuma yake, akamnong'oneza, "Pokea, mwanangu. Usimwache mzee ameinama hivyo."

Akapokea. Makofi mazito yakapigwa mara tatu, kwa pamoja, bila mtu kuyaongoza. Mwenyekiti alikuwa bado ameshika kitambaa cha kufutia machozi ya kicheko, na sasa hakujua akitie mfukoni au la. Mwishowe alikohoa, akauliza ajenda ya pili inasemaje.

"Imefutwa," akasema Bi Losalini.

"Lazima iandikwe," akasema mwenyekiti kwa sauti ndogo. "Sababu ya kufutwa."

Karani mpya alikuwa hajaanza kazi. Aporosa alikuwa karani mpaka saa kumi, na saa kumi ilikuwa haijafika. Akaletewa daftari pale pale alipokuwa amekaa chini, mlangoni. Akapeleka mkono mfukoni, akaigusa ya buluu, akaiacha, akaichomoa nyekundu. Akaandika: Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, karani alikosea. Pembeni akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akalizungushia duara.

Peniasi alikuwa amekuja kuchungulia begani kwake, kinywa kimejaa nyama.

"Mwandiko umeanza kukuharibikia, mtani," akasema. "Lakini hiyo imekaa sawa."

Kisha akainama, akaichukua ile kalamu nyekundu vidoleni mwake, akaichomeka nyuma ya sikio, akarudi kwenye nguruwe. Aporosa hakumzuia.